Kilomita 20 kando ya baiskeli: umwandae mbwa kwa gurudumu, kwa miguu yako au kwa mashine?

Mtihani wa ustahimilivu, ambao wenye mbwa wa kazi huuita AD kwa kifupi cha jina lake la Kijerumani, hauna fumbo lolote kwenye karatasi. Mbwa anakwenda kilomita 20 kando ya baiskeli, upande wa kulia, akiwa na kamba, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Baada ya kilomita 8 mnapumzika dakika 15. Mnakwenda nyingine 7, mnapumzika dakika 20, halafu mnamaliza 5 zilizobaki. Mwishoni kuna mapumziko mengine na mazoezi mafupi ya utii, mwamuzi aone kama kichwa cha mbwa bado kipo kazini baada ya miguu kuchoka. Hakuna alama wala nafasi ya kwanza: amefaulu au hakufaulu. Kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, zinataka mbwa awe ametimiza miezi 16, na joto la hewa siku hiyo lisizidi nyuzi 22 za Selsiasi.

Wenye German Shepherd wanaujua vizuri zaidi kuliko wengine, kwa sababu SV, klabu ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1899 kusimamia aina hiyo, huudai kabla ya kumkubali mbwa katika ukaguzi wa wazazi wa kizazi kijacho. Lakini hata asiye na mpango wa kuzalisha huufanya, kwa kuwa ni njia ya kweli ya kujua kama mbwa wake ni mzima.

Ukiwauliza watu namna ya kumwandaa mbwa, utapata kambi tatu. Wa kwanza watakuambia panda baiskeli tangu siku ya kwanza. Wa pili watakuambia tembea na kimbia naye kwa miguu miezi kadhaa, baiskeli ije mwishoni. Wa tatu wana mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba na wanaapa kwayo. Kila kambi ina mbwa waliofaulu, kwa hiyo kubishana nani yuko sahihi hakukusaidii. Kitu cha kujiuliza ni mbwa wako anapungukiwa na nini, na njia ipi inajaza pengo hilo.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mwendo wenyewe. Kati ya kilomita 12 na 15 kwa saa, mbwa mkubwa hatembei wala hatimki. Anakwenda matiti: mguu wa mbele wa kulia unatoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ile nyingine. Ndio mwendo unaokula nguvu kidogo kwa umbali mrefu, na viwango vya aina ya German Shepherd vinamtaja waziwazi kuwa mbwa wa matiti. Mbwa anayejua kutimka kwa dakika tatu na kulala chali hajaandaliwa kwa kitu hiki, hata awe na misuli ya kutisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila njia: inamfundisha kushika matiti yaleyale kwa muda mrefu?

Cha pili ni nyayo. Njia ya mtihani hupita kwenye lami, kwenye mawe yaliyopangwa na kwenye udongo. Mbwa mwenye mapafu mazuri anaweza kushindwa kwa sababu ngozi ya nyayo imechubuka kilomita ya 13. Mwamuzi huangalia miguu wakati wa mapumziko, na anayo haki ya kumwondoa anayechechemea au aliyeumia.

Cha tatu, joto. Mbwa hana jasho la maana. Kiasi kidogo hutoka kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kupoza mwili hufanywa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni takriban nyuzi 38 hadi 39, na akikimbia hupanda haraka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuhema hakumsaidii sana, hata kama kipimajoto kinaonyesha namba ya kupendeza.

Cha nne ni viungo. Mbwa wa aina kubwa bado anakua mifupa hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu. Zile sehemu laini karibu na viungo zinazorefusha mfupa huumia kwa mapigo yaleyale yanayorudiwa mara elfu. Nyonga na viwiko ndivyo vya kuangaliwa zaidi, na picha ya eksirei kabla ya kuanza maandalizi mazito ni wazo zuri kwa aina zinazojulikana kwa kasoro za nyonga.

Cha tano ni kichwa cha mbwa: amezoea gurudumu linalozunguka karibu na uso wake, magari yanayopita, mbwa mwingine nyuma yake, na kuchoshwa na jambo lilelile kwa saa mbili? Kwa mwendo wa 15 ni dakika 80 za kwenda, kwa mwendo wa 12 ni dakika 100. Ongeza dakika 35 za mapumziko mawili ya kati na mko barabarani kwa saa mbili hivi.

Cha mwisho ni wewe: afya yako, muda wako, na uwezo wako wa kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja bila kwenda upogo.

Baiskeli tangu mwanzo

Kwa upande wa mwendo, hakuna inayoishinda. Unaweka kasi ya 12, unaishika, na mbwa analazimika kupata mdundo wake. Huhitaji vifaa vya ajabu: simu yenye programu ya kupima mwendo inatosha, au hesabu ya kichwani. Kilomita moja kwa dakika 5 ni mwendo wa 12, kwa dakika 4 ni mwendo wa 15. Mimi hupendelea kufundisha karibu na 12 na kuacha 13 au 14 kwa vipande vifupi, kwa kuwa mbwa aliyezoea ukingo wa juu hushindwa kutulia siku ambayo kundi zima linakwenda taratibu.

Tatizo la njia hii ni kwamba wewe umekaa. Upepo unakupiga usoni, pedali ni nyepesi, kilomita zinakwenda bila kuhisi. Mbwa ndiye anayelipa. Watu wengi wanaoongeza umbali haraka mno si wakatili, ni kwamba miili yao wenyewe haiwapi onyo. Kwa hiyo ukichagua baiskeli, mpango uandikwe kabla, na siku unapojisikia vizuri usiuongeze.

Mpango wenyewe si mgumu. Siku za kwanza baiskeli inasukumwa tu, mbwa akitembea kando yake upande wa kulia, ajifunze kwamba gurudumu si adui na pia si kitu cha kukimbiza. Halafu unapanda, mita mia chache kwenye njia tupu. Kisha kilomita 2 kwa matiti mepesi, mara tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya kupumzika kati ya zoezi na zoezi. Kuanzia hapo unaongeza kilomita moja au mbili kwa wiki katika safari moja ndefu, huku zile nyingine mbili zikibaki fupi. Kila wiki ya nne unapunguza. Kwa mbwa mzima aliyezoea matembezi ya kila siku, wiki 10 hadi 12 humfikisha kwenye kilomita 15 au 16 bila papara, na hapo panatosha. Sioni faida ya kukimbia 20 kamili nyumbani kabla ya mtihani. Mbwa anayemaliza 16 akiwa na hamu ya kula na kucheza jioni ana zile 4 ndani yake. Wiki ya mwisho ni ya matembezi tu.

Nyayo hunufaika, mradi usikae kwenye lami pekee. Anza kwenye udongo na nyasi, ingiza lami kwa vipande, uongeze polepole. Ngozi ya nyayo hukomaa kwa msuguano mdogo unaorudiwa, na huchanika kwa msuguano mkubwa wa ghafla. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja kwenye lami. Kama huwezi kuuacha hapo kwa sekunde kadhaa, mbwa hawezi kukanyaga hapo kwa saa moja.

Joto: mbaya, kwa sababu niliyoitaja ya upepo. Toka alfajiri. Mpe maji kidogokidogo kila baada ya kilomita chache, asinywe bakuli zima kwa mkupuo. Chakula kikubwa kisimkaribie kwa saa kadhaa kabla na saa moja au mbili baada, maana mbwa wa kifua kirefu yuko katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloua kwa saa chache. Ulimi ukipanuka na kuning'inia kando, mate yakiwa mazito, macho yakianza kukodoa au hatua zikiyumba, safari imekwisha: kivuli, maji ya bomba mwilini, na simu kwa daktari wa mifugo. Mkojo wa rangi ya kahawia baada ya zoezi pia ni sababu ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, kwani unaweza kuashiria misuli iliyoharibika.

Viungo ndivyo vinavyoniogopesha kwa njia hii, hasa kwa mbwa mdogo. Mbwa wa miezi 10 atakimbia kando ya baiskeli mpaka aanguke, kwa furaha tupu, na hutajua chochote mpaka miezi kadhaa baadaye. Kumzoesha gurudumu kwa kutembea ni sawa katika umri huo. Kumpigisha kilomita si sawa.

Kuhusu kichwa, hakuna cha kusema zaidi: anajifunza hasa kitu atakachokifanya. Ila hakikisha umezoea pia kukutana na baiskeli nyingine zenye mbwa, kwa sababu kwenye mtihani mtakuwa kundi.

Na wewe? Unahitaji baiskeli ya chini kidogo, ambayo miguu inafika chini haraka, breki zinazofanya kazi kwa mkono wa kushoto, na kofia ngumu. Kamba usiizungushe kwenye kiganja wala kuifunga kwenye usukani; paka akikatiza, utakwenda chini na baiskeli nzima. Upo mkono wa chuma wenye springi unaofungwa karibu na kiti cha baiskeli na kushika kamba pembeni, na unasaidia sana kwenye mazoezi, lakini waulize waandaaji mapema kama unaruhusiwa siku ya mtihani, na fanya safari kadhaa bila huo. Mkanda wa kifua ulio na umbo la Y, usiobana mabega, ni bora kuliko kola kwa safari ndefu.

Inamfaa mwenye mbwa mzima, aliyekomaa, mwenye uzito sahihi, ambaye kilichobaki ni kumpa mdundo na umbali. Haimfai mwenye tabia ya kusema «leo twende kidogo zaidi».

Kwa miguu yako

Hapa nazungumzia mambo mawili yanayochanganywa: matembezi marefu na kukimbia pamoja.

Matembezi marefu hayamfundishi mbwa matiti ya kilomita 12 kwa saa, na hakuna sababu ya kujifanya yanamfundisha. Kazi yake ni nyingine. Saa mbili au tatu za kutembea, zenye milima midogo, mchanga, nyasi na mawe, hujenga kano, mishipa na nyayo kwa namna ambayo zoezi la dakika 40 haliwezi. Kano hukomaa polepole kuliko misuli na moyo, ndiyo maana mbwa anayeonekana yuko tayari baada ya wiki nne anaanza kuchechemea wiki ya sita. Kupanda mlima kwa mwendo wa kutembea humlazimisha kusukuma kwa miguu ya nyuma, ambayo ndiyo injini ya matiti mazuri. Ukiwa na mbwa mnene, hakuna pa kuanzia pengine. Kila kilo ya ziada anaipiga ardhini kwa kila hatua, na hatua za kilomita 20 ni nyingi mno kuzihesabu.

Kukimbia pamoja kuna kasoro ambayo wapenda mbio hawapendi kuisikia. Mwendo wa binadamu wa kawaida wa mazoezi, kilomita 8 au 9 kwa saa, uko pabaya kwa mbwa mkubwa: ni haraka kwa kutembea na taratibu kwa matiti yenye nguvu. Wengi huangukia mwendo wa miguu ya upande mmoja, wa kulia yote miwili kisha wa kushoto yote miwili, mwili ukiyumba huku na huku. Si ugonjwa, ila ni tabia, na mbwa akiizoea ataitumia pia kando ya baiskeli, hasa akichoka. Ili umpe matiti ya kweli unapaswa kukimbia kilomita kwa dakika 5, na ili umpeleke umbali wa mtihani unapaswa kufanya hivyo kwa saa moja na dakika 40. Ukiweza, hongera, wewe ni mkimbiaji wa kweli. Wengi wetu hatuwezi, na vipande vya dakika mbili za kasi katikati ya kukimbia taratibu ndiyo suluhisho la busara.

Kitu kingine: ukifunga kamba kiunoni na kumruhusu akuvute, kama wanavyofanya wenye mchezo wa kukimbia na mbwa mashambani, unamfundisha kutangulia na kuvuta. Kwenye mtihani kuvuta kidogo hakumwangushi, lakini mbwa anayevuta kwa kilomita 20 anafanya kazi mara mbili. Kama unapenda mchezo huo, tenga vifaa: mkanda mmoja wa kuvutia, mwingine wa kwenda kando. Mbwa hutofautisha vizuri tu.

Kwa joto, njia hii ndiyo salama kuliko zote tatu, kwa sababu rahisi kwamba wewe nawe unaumia. Ukianza kutafuta kivuli, yeye alikitaka muda mrefu uliopita. Kwa viungo pia ni ya upole, hasa kutembea kwenye ardhi laini. Kwa nyayo ni nzuri sana. Kwa kichwa cha mbwa ni nzuri nusu: anaiona dunia, anakutana na mambo, lakini gurudumu bado hajalijua. Na kwa upande wako inataka kitu kimoja ambacho baiskeli haidai: muda mwingi. Matembezi ya saa tatu hayana njia ya mkato.

Inamfaa mwenye mbwa wa miezi 8 hadi 15 anayetaka kujenga msingi huku akisubiri umri, mwenye mbwa mnene au aliyekaa kitako muda mrefu, na mwenye mbwa aliyepita ujana wake ambaye viungo vyake havina tena msamaha. Mwenye mbwa wa miaka miwili aliye tayari kiafya atapoteza muda akibaki hapa pekee.

Mashine ya kukimbilia

Kabla ya yote, mashine ya binadamu mara nyingi ni fupi. Matiti ya mbwa mkubwa yana hatua ndefu, na ukanda usiomtosha humfanya abane hatua, akunje mgongo, au akanyage ukingo. Zipo za mbwa, ndefu zaidi na zenye kuta pembeni. Baadhi ya kliniki za mazoezi ya mifugo huwa nazo, nyingine hata ndani ya maji. Na sheria isiyo na mjadala: mbwa hafungwi kwenye mashine akaachwa. Ukienda kufungua mlango, zima.

Faida yake kubwa ni macho yako. Kwenye baiskeli unaangalia barabara. Kwa miguu unaangalia pumzi yako. Kwenye mashine unasimama pembeni na kumwona mbwa wako akienda, labda kwa mara ya kwanza. Unaona kama miguu ya nyuma inafika mbele sawa, kama mgongo umetulia. Unasikia kwato, samahani, kucha zake: pigo mbili zenye umbali sawa au pigo moja dhaifu. Kichwa kikiinuka kidogo kila mguu mmoja wa mbele unapotua, huo ndio mguu unaouma. Rekodi video fupi kila wiki mbili kwa kasi ileile, uzilinganishe. Hata kama huna mashine, kukodi muda wa nusu saa mahali pengine kwa ajili ya hilo tu kuna maana.

Kwa mdundo pia ni nzuri, kwani kasi haiyumbi. Ukiinua ukanda kidogo kama mlima mdogo, miguu ya nyuma inafanya kazi zaidi bila kuongeza kasi.

Sasa yasiyopendeza. Nyayo hazipati chochote cha maana. Ukanda ni laini, na mbwa aliyefundishwa ndani akitolewa kwenye lami atachubuka kama mgeni. Joto ni gumu kuliko watu wanavyodhani: chumba hakina upepo, mbwa anakimbia lakini hewa imesimama. Feni kubwa mbele yake na dirisha wazi ni lazima, na dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa zoezi moja. Ardhi haibadiliki, kwa hiyo misuli midogo inayomsaidia asipinde mguu kwenye shimo au jiwe haifanyi kazi. Kichwani, anajifunza kuvumilia kuchoshwa, ambalo si jambo dogo kwa mtihani huu, lakini hajifunzi baiskeli, magari wala kundi.

Viungo: kwa mbwa anayerudi kazini baada ya jeraha, chini ya uangalizi wa daktari, ni bora kuliko zote, kwani unaweza kupanga kasi na dakika kwa usahihi usiopatikana barabarani. Kwa mbwa mdogo, hapana. Ni mapigo yaleyale kwenye viungo vilevile, tena bila nafasi ya yeye kupunguza mwendo mwenyewe.

Inamfaa mwenye barabara za hatari, mwenye majira ya joto kali au giza refu, na mwenye mbwa anayerudi kutoka kwenye matibabu. Kama njia pekee ya kujiandaa kwa kilomita 20 za nje, siioni ikitosha.

Na kuogelea, na mpira?

Kuogelea ni zoezi zuri la moyo na halibebeshi viungo uzito. Kuweke kama siku ya kupumzikia barabara, lakini usikuhesabu kama kilomita. Kurusha mpira ni kinyume cha tunachotafuta: kutimka, kufunga breki, kugeuka ghafla. Mbwa aliyechoka kwa mpira si mbwa aliyeandaliwa, na siku ya mpira mwingi ikifuatiwa na safari ndefu ya baiskeli ni namna nzuri ya kumtafutia kiwiko kilichovimba.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Mbwa wako hajafika mwaka mmoja. Tembea naye, milima midogo, ardhi laini, na umzoeshe baiskeli kwa kuisukuma. Mtihani hauna njia ya kumpokea kabla ya miezi 16, kwa hiyo hakuna anayekukimbiza.

Mbwa ana miaka miwili hadi minne, mwembamba kiasi kwamba mbavu unazihisi ukigusa lakini huzioni kwa mbali, anatembea kila siku. Baiskeli, wiki 10 hadi 12, pamoja na tembezi moja refu kwa wiki ili kano zisiachwe nyuma.

Mbwa ni mnene au amekaa bila kazi kwa miezi. Punguza chakula, tembea wiki sita hadi nane, kisha anza wiki ya kwanza ya mpango wa baiskeli bila kuruka hatua. Usitumie baiskeli kumpunguza uzito.

Unaishi kwenye joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Baiskeli alfajiri mara mbili kwa wiki, mashine yenye feni mara moja kama unaipata, na usijaribu kumkomaza kwa kumkimbiza mchana. Kuzoea joto hupatikana kwa kukaa na kutembea humo taratibu kwa wiki kadhaa.

Wewe mwenyewe huendeshi baiskeli vizuri. Jifunze kwanza bila mbwa: mkono mmoja, kugeuka, kusimama ghafla. Wakati huo mbwa anatembea na mtu mwingine. Kanuni za klabu yako zikiruhusu mtu mwingine kumwongoza siku ya mtihani, huyo ndiye afanye mazoezi naye pia. Mbwa asikutane na mguu mgeni kwenye pedali siku hiyo.

Mbwa anavuta kama ng'ombe wa plau. Usikimbilie umbali. Kaa kwenye kilomita 3 hadi 5, ukisimama kila anapokaza kamba, mpaka aielewe nafasi yake kando ya gurudumu. Umbali ukija kabla ya adabu, utafundisha kuvuta kwa kilomita 20.

Mbwa anarudi kutoka kwenye jeraha. Daktari kwanza, mashine au kuogelea pili, matembezi tatu, baiskeli mwisho kabisa. Mpangilio huu haubadiliki kwa sababu tarehe ya mtihani imekaribia.

Zimebaki wiki tatu na mbwa hajawahi kupita kilomita 5. Hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa. Waandikie waandaaji, toa jina lake, na uombe tarehe ya msimu ujao.